Saruji, simiti na udongo wa Ulaya: Jinsi majina yalivyojenga nyumba za Kajiado

MSOMAJI mmoja wa safu hii anayejenga nyumba Kitengela ameniletea maswali mawili. La kwanza, lipi ni Kiswahili sahihi kati ya "saruji" na "simiti"? La pili, yale matofali ya udongo yanayopangwa yakashikana yenyewe, ambayo mafundi wote huyaita "intaloki", yanaitwaje kwa Kiswahili sanifu? Mwishoni mwa barua ameongeza kuwa ndugu zake wanampinga asiyatumie. Hawataki, anasema, mtoto wa kwao aonekane amejijengea "nyumba ya matope".

Maswali yake yana majibu mafupi, nami nitayatoa. Ila hilo la ndugu ndilo zito. Tofali analokusudia kutumia halina tope. Lina udongo uliochekechwa, saruji kiasi, maji kidogo na nguvu nyingi za mashine. Kinachowatisha ndugu zake ni jina, na jina hilo lina historia ndefu katika eneo la Kajiado. Katika historia hiyo maneno yamebomoa na kujenga nyumba nyingi kuliko nyundo na mwiko.

Tuanze na wenyeji. Kajiado lenyewe ni neno la Kimaasai lililokwaruzwa na ndimi za wageni: Olkejuado, yaani mto mrefu. Hadi ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, baraza la wilaya hiyo liliitwa Baraza la Olkejuado. Neno jingine lililokwaruzwa ni "manyatta". Wakenya wengi hudhani manyatta ni nyumba yoyote ya Kimaasai. Katika Kimaasai, emanyatta ni kijiji cha morani, makao ya muda ya vijana wa rika moja. Boma la familia huitwa enkang, na nyumba iliyomo ndani ya boma ni enkaji. Wakoloni walichukua neno la kambi ya wapiganaji wakalibandika kwa kila makao, nasi tukalirithi hivyo hivyo. Leo kuna mtaa wa Manyatta mjini Kisumu, mbali kabisa na morani.

Mtu akidhani kwamba makosa kama haya ni ya wanaleksikografia peke yao, ajiulize hivi: taifa likiita kila nyumba ya jamii fulani kwa jina la kambi ya muda, litaacha vipi kuamini kwamba jamii hiyo haina nyumba? Enkaji ilikuwa nyumba kamili. Mwanamke aliijenga kwa kusimika miti, akaifuma kwa fito, akaijaza majani, kisha akaikandika kwa samadi ya ng'ombe, pengine iliyochanganywa na udongo au majivu. Kuta zilikuwa fupi na pembe zake za mviringo, ili upepo wa mbugani upite bila kupata pa kushika. Familia ikihama kufuata malisho, nyumba ilirudi ardhini bila kuacha taka. Hakuna kitu ndani yake kilichotoka mbali zaidi ya mwendo wa mguu.

Sisemi kwamba ilikuwa pepo. Moshi wa meko uliumiza macho na mapafu, dirisha lilikuwa tundu tu, na mvua kubwa ikinyesha usiku mwenye nyumba alilazimika kutoka na samadi mkononi kuziba panapovuja. Lakini zingatieni neno hilo, mwenye nyumba. Katika mji wa Kitengela leo, mwenye nyumba ni anayekuja kudai kodi mwisho wa mwezi, aghalabu mwanamume. Katika enkang, mwenye nyumba alikuwa mwanamke. Yeye ndiye aliyeijenga na yeye ndiye aliyehesabika kuwa nayo. Tutalirudia jambo hili.

Tushuke sasa pwani, kwa sababu jibu la swali la kwanza liko huko. Waswahili walijenga kwa namna mbili. Wengi waliishi katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, na kuta zake ziliitwa viambaza. Wenye uwezo walijenga kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni. Magofu ya Gede na nyumba za Lamu ni ushahidi wa kazi hiyo. Msamiati wa ujenzi huu umebeba historia yake. Neno "sakafu" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Nyumba ya mawe ilikuwa na paa bapa la chokaa na kokoto lililotwangwa hadi likakaza, na sakafu ya orofa ya juu ndiyo iliyokuwa dari ya orofa ya chini. Neno likateremka kutoka juu hadi chini ya miguu yetu.

Na "saruji" je? Asili yake ni Kiajemi, na katika Uajemi na Oman bado linatumika kwa maana yake kongwe. Huko Oman saruji ni udongo uliochomwa kwa magogo ya mitende, ukapondwa ukawa unga, kisha ukatumiwa kama kiungo kisichopitisha maji. Kwa saruji hiyo walijenga ngome na mifereji ya kunyweshea mitende. Neno lilivuka Ghuba pamoja na majahazi, likakaa katika Kiswahili, na saruji ya viwandani ilipofika likapewa kazi mpya. Kwa hiyo neno tunaloliona kuwa la kisasa, linaloandikwa kwenye mabango ya maduka ya vifaa vya ujenzi barabara yote ya Namanga, kwa asili ni jina la udongo.

"Simiti", au "simenti" kama wasemavyo wengine, ni neno la Kiingereza lililoswahilishwa. Yote mawili ni Kiswahili. Saruji ni sanifu zaidi na ndilo litakalokufaa katika maandishi. Simiti ni la mitaani na halina kosa lolote. Lakini kulikuwa na jina la tatu ambalo vijana wa leo hawalijui: udongo wa Ulaya. Mwalimu Nyerere alilitaja mwaka wa 1977 alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha. Alilalamika kwamba watu wanakataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wanakaa wakisubiri mabati na huo udongo wa Ulaya, akauona ulevi huo kuwa kupooza kwa akili. Maneno makali. Hata hivyo, jina lilikuwa la kweli kuliko lawama. Waliolitunga walitambua kwamba saruji ni udongo tu, na kwamba thamani yake machoni pa watu ilitokana na hilo neno la pili.

Udongo huo wa Ulaya ulifikaje Kajiado? Saruji ya aina ya Portland ilisajiliwa Uingereza mwaka wa 1824 na mwashi aitwaye Joseph Aspdin, aliyeipa jina la jiwe mashuhuri la huko kwao. Kampuni ya East African Portland Cement ilianzishwa Kenya mwaka wa 1933, na katika miaka ya 1950 ikajenga kiwanda Athi River, mwendo mfupi tu kutoka Kitengela ya leo. Baadaye viwanda vingine vilikuja kukaa jirani. Mawe ya chokaa ya Kajiado huchimbwa kulisha tanuri hizo. Kwa maneno mengine, Mmaasai aliyeambiwa avue udongo wake avae wa Ulaya, aliuziwa mlima wake mwenyewe ukiwa ndani ya mfuko.

Hapa ndipo mazingira yanapoingia. Ili kupata saruji, jiwe la chokaa huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,450. Moto huo hutoa hewa ya kaboni, lakini jiwe lenyewe linapovunjika hutoa nyingine, tena nyingi zaidi ya ile ya moto. Ndiyo maana saruji huchangia takriban asilimia 7 au 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Viwanda vinatafuta njia ya kupunguza mzigo huo, na mojawapo ya njia zinazosifiwa sana ni kuchanganya saruji na udongo uliochomwa na kusagwa. Yaani wanasayansi wanairudisha saruji kwenye maana iliyokuwa nayo Oman.

Kama ni hivyo, mbona udongo ukawa aibu? Nadhani sheria ilisaidia sana. Tangu 1901 serikali ya kikoloni ilitoza kodi kwa kila nyumba ya Mwafrika, na kwa Kiingereza nyumba hizo ziliandikwa kuwa vibanda. Mikataba ya 1904 na 1911 ikawasukuma Wamaasai hadi hifadhi ya kusini, na reli ya kwenda Magadi ikapita Kajiado ikiwa na stesheni za mawe na mabati. Serikali ilikaa ndani ya jiwe. Raia alikaa ndani ya kibanda. Baada ya uhuru, kanuni za ujenzi za mwaka wa 1968 zilifuata mfano wa Uingereza kwa kutaja vifaa vinavyoruhusiwa, na udongo haukuwa na nafasi mjini. Zilichukua hadi 1995 kurekebishwa, pale kanuni mpya zilipoanza kuuliza kama ukuta una nguvu inayotakiwa badala ya kuuliza umetengenezwa kwa nini.

Sheria ilibadilika, lugha haikubadilika. Bado tunasema "nyumba ya kudumu" kwa maana ya mawe na saruji, au kwa lugha ya mtaani "pamanenti", na iliyo chini yake "semi-pamanenti". Vigezo vyetu vya kudumu havina uhusiano wowote na muda. Mji wa Shibam huko Hadhramaut, walikotoka mababu wa Waswahili wengi, una majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa kwa matofali ya udongo usiochomwa, na umesimama kwa karne kadhaa. Nairobi nayo imeshuhudia majengo ya zege yakiporomoka kabla ya wapangaji kuhamia. Lakini katika msamiati wetu, Shibam ni matope na lile ghorofa lililoanguka ni nyumba ya kudumu.

Kitengela ilikua ndani ya msamiati huo. Sheria ya mwaka wa 1968 iliruhusu Wamaasai kumiliki ardhi kwa pamoja katika ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, kila mwanachama akapata hati yake. Miaka michache baadaye eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje lilifunguliwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala, na wenye hati wakaanza kuuza vipande. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini Kitengela. Karibu wote wanaishi ndani ya mawe yaliyosafirishwa kwa malori, mengine kutoka machimbo ya Ndarugo huko Kiambu, na mchanga uliozolewa katika mito ya msimu ya Kajiado na Ukambani. Mto mrefu uliolipa eneo jina lake unauzwa kwa lori.

Katika pitapita zangu za utafiti wa msamiati upande wa Isinya, nilikaribishwa na mama mmoja wa makamo yaliyokwisha kuelemea uzeeni. "Takwenya, yeyo," nilimsalimu. "Iko," akanijibu, akanionyesha kiti chini ya ukingo wa nyumba ya mawe yenye mabati ya rangi. Nikaisifu nyumba. Akaiangalia kidogo, akaniambia: "Ni nzuri, mwalimu, haivuji. Lakini ile ya zamani nilijenga mimi. Hii ni ya mzee." Halafu akanyoosha kidole hadi nyuma ya boma, palipokuwa na enkaji ndogo ya kupikia. "Yangu ni ile."

Sikuwahi kusoma ripoti iliyonieleza jambo hili kwa ufupi kama huo. Nyumba ilipohama kutoka samadi hadi saruji, ilihama pia kutoka mikononi mwa mwanamke. Jiwe hununuliwa kwa pesa, pesa hutokana na ng'ombe au shamba lililouzwa, na hati ya shamba ina jina la mwanamume. Fundi naye ni mwanamume kutoka mjini. Mwenye nyumba akabadilika bila mtu kupiga kura.

Kwa bahati nzuri, Kajiado hiyo hiyo imewahi kujaribu njia nyingine. Katika miaka ya 1990 shirika la ITDG, ambalo leo huitwa Practical Action, lilifanya kazi na wanawake wa Kimaasai kuboresha enkaji badala ya kuibomoa. Kuta zikainuliwa, madirisha yakapanuliwa, na paa la samadi likapewa ngozi nyembamba ya saruji iliyopakwa juu ya wavu. Paa hilo halikuvuja, na maji ya mvua yakaweza kukingwa na kuwekwa tangini, jambo kubwa mahali ambapo mama hutembea saa nzima kutafuta mtungi mmoja. Baadaye wakaongeza kofia ya bati juu ya meko ya kutoa moshi nje. Waliojenga walikuwa wanawake wenyewe. Saruji ilitumiwa kidogo, pale tu ilipohitajika, na nyumba ikabaki na mwenyewe.

Sasa nije kwenye intaloki. Mashine ya kwanza maarufu ya kushindilia matofali ya udongo ilibuniwa Kolombia katika miaka ya 1950, na tangu hapo imezaa mashine za mkono na za mota zinazotumika kote barani. Udongo mwekundu au maramu huchekechwa, huchanganywa na saruji ya kati ya asilimia 5 na 10, hushindiliwa, kisha tofali hufunikwa na kumwagiwa maji kwa wiki moja au zaidi hadi likomae. Halichomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa. Kwa kuwa linaingiana na mwenzake, ukuta hauhitaji saruji katikati ya kila mstari.

Majirani zetu Tanzania wamekwisha kulipa jina: matofali ya kufungamana. Hilo ndilo jibu la swali la pili, na sioni sababu ya sisi kuunda jingine. Ukitaka kutaja namna yalivyotengenezwa, sema matofali ya udongo wa kushindiliwa, ili uyatofautishe na ya kuchoma na yale ya kufyatua kwa mchanga na saruji. Neno "shindilia" ni la Kiswahili cha kale, tena lina uzito unaofaa: kitu kilichoshindiliwa hakiitwi tope.

Lakini msomaji wangu asidhani jina zuri linatosha. Sehemu kubwa ya Kitengela imekalia udongo mweusi ambao mafundi huuita "blakikotoni". Ukilowa hufura, ukikauka hupasuka, na ukuta uliojengwa juu yake bila kuchimba hadi mwamba au changarawe ngumu utapasuka pamoja nao. Udongo huo haufai kwa tofali la saruji kidogo. Ule mwekundu italazimu uletwe kwa lori kutoka kwingine. Ikiwa lori hilo litatoka mbali sana, faida kwa mazingira inapungua. Chokaa huutuliza udongo mweusi vizuri kuliko saruji, na chokaa Kajiado haikosekani. Huu ndio uwanja ambao wahandisi wetu wangestahili kuushughulikia zaidi.

Hapo pana mtego mwingine wa lugha. Wakenya wengi siku hizi huita udongo "mchanga". Watoto huambiwa wasicheze na mchanga wakiwa wameketi kwenye udongo mtupu. Sokoni haina neno, ila kwenye ujenzi ina gharama. Nimemsikia mwenye ploti akimwagiza kijana "mchanga mwekundu" wa kutengenezea matofali ya kufungamana, na lori likaja na mchanga wa mtoni. Mchanga haushikani ukishindiliwa. Ni udongo wenye mfinyanzi kiasi ndio unaoshikana. Kusema sawasawa kungemwokolea nauli ya lori.

Wapo pia waliokwisha kuthibitisha kwamba nyumba isiyofuata mtindo wa mjini haimshushi mtu hadhi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 msanii Nani Croze alihamia ukingo wa mbuga ya Nairobi, upande wa Kajiado, na kwa miaka mingi pale pamechipuka majengo ya kuba na ya mviringo yaliyopambwa kwa vipande vya vioo na chupa zilizotupwa. Leo watalii hulipa kuyaona. Nauliza tu: kwa nini umbo la mviringo ni sanaa likijengwa na msanii, na ni ushamba likijengwa na yule mama wa Isinya?

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sidai kwamba watu wa Kajiado warudi kwenye moshi na paa linalovuja. Hakuna anayetaka hivyo, na wanawake waliokinga maji kwenye mapaa yao mapya walitangulia kulisema kwa vitendo. Ninachodai ni hesabu ya haki katika maneno. Nyumba ya kudumu iwe ile inayodumu. Udongo uitwe udongo, na tope libaki barabarani wakati wa masika. Kamusi zetu ziingize matofali ya kufungamana na udongo wa kushindiliwa, nao maafisa wa kaunti wanaoidhinisha ramani za majengo watumie maneno hayo katika fomu zao.

Na kwa ndugu za msomaji wangu, nawaomba waende wakaishike ile mashine, wauguse ukuta wenyewe, kisha wamuulize fundi swali ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha katika historia hii yote: nyumba hii ikikamilika, itakuwa ya nani?